Sri Lanka: Uliza Upepo Kwanza, Ndipo Upange Safari

(Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa mwaka wa klabu yetu ya wasafiri. Wengi hawakuweza kufika na wameomba waisome yote. Picha nilizoonyesha siku ile nimeziacha. Maneno ni yale yale.)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, kina mama na kina baba, nanyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie sehemu za kutembelea Sri Lanka. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, kwa sababu nchi ile naipenda, na kwa sababu kila nikimsikia mtu anasimulia kwamba alikwenda akaona ufukwe na mvua tu, roho inaniuma. Mtu huyo hakukosa bahati. Alikosa wa kumwelekeza. Leo nataka asitoke mtu humu ndani bila maelekezo.

Jambo la kwanza: uliza upepo.

Sisi watu wa Bahari ya Hindi tunazijua kusi na kaskazi. Wazee wetu walipanga safari za majahazi kwa pepo hizo mbili, na hakuna nahodha aliyeng'oa nanga bila kujua kama upepo umegeuka au bado. Basi inakuwaje leo mjukuu wa nahodha yule anakata tiketi ya ndege kwenda kisiwa cha bahari ile ile bila kuuliza upepo?

Sikilizeni. Kusi ile ile inayopita huku kwetu huvuka ikweta, ikapinda kuelekea mashariki, ikaifikia Sri Lanka kutoka kusini-magharibi ikiwa imejaa unyevu wa bahari. Kuanzia Mei hadi Septemba humwaga mvua kwenye pwani ya magharibi, pwani ya kusini na miteremko ya milima inayotazama huko. Milima iliyo katikati ya kisiwa huuzuia ule unyevu, kwa hiyo upande wa mashariki na kaskazini unabaki mkavu na bahari yake imetulia. Ikiingia kaskazi, mambo yanageuka: mashariki kunanyesha, na kuanzia Desemba hadi Machi kusini na magharibi kunang'aa. Oktoba na Novemba, kati ya pepo hizi mbili, mvua inaweza kunyesha popote, na hata tufani hutokea.

Nawajua bwana mmoja na mkewe, watu wazima, waliojiwekea akiba wakalipia hoteli ya ufukweni kusini-magharibi kwa mwezi wa Juni. Kila asubuhi walikuta bendera nyekundu imesimikwa mchangani: hakuna kuogelea. Walikaa barazani wakitazama mawimbi mpaka siku ya kurudi. Siku zile zile, upande wa pili wa kisiwa, bahari ya Trincomalee ilikuwa shwari. Aliyewauzia safari hakuwaambia, nao hawakujua kwamba kuna la kuuliza. Je, ilikuwa haki?

Kwa hiyo andikeni hili. Ukienda Desemba hadi Machi, pwani yako ni ya kusini: Galle, Unawatuna, Mirissa. Huko Mirissa boti hutoka alfajiri kuwatafuta nyangumi wa buluu, mnyama mkubwa kuliko wote duniani, kwa kuwa kina kirefu cha bahari kiko karibu sana na nchi kavu. Ukienda Mei hadi Septemba, pwani yako ni ya mashariki: Trincomalee na fukwe za Nilaveli, Pasikudah ambako unatembea mbali ndani ya maji bado yakiwa magotini, na Arugam Bay kwa vijana wanaopenda kupanda mawimbi kwa ubao. Upepo ndio unaochagua pwani.

Galle nitaiongezea maneno machache. Wareno walijenga ngome pale mwaka 1588, Waholanzi wakaiteka mwaka 1640 na kuizungushia kuta nene tunazoziona leo, Waingereza wakaichukua mwaka 1796. Ndani ya kuta hizo watu bado wanaishi: kuna msikiti, kanisa, hekalu la Wabudha, shule, mahakama. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipopiga, maji yaliusomba mji mpya ulio nje ya ngome, stendi ya mabasi na uwanja wa kriketi, lakini zile kuta zikaukinga mji wa zamani. Sio mbali na hapo, Peraliya, treni iliyojaa abiria ilisimama, wanakijiji wakakimbilia kwenye mabehewa wakidhani watasalimika, na wimbi la pili likaisomba. Walikufa zaidi ya watu 1,000 katika treni moja. Ipo kumbukumbu yao kando ya barabara. Ukipita, simama. Wimbi lile lile lilifika mpaka pwani zetu za Afrika Mashariki siku hiyo hiyo, kwa hiyo msiba ule ni wetu pia.

Jambo la pili ni maji ya nchi kavu, na hapa naomba mnivumilie nikae kwa muda.

Wageni wengi huizunguka Sri Lanka kwa pwani, wakaingia ndani siku moja kupanda mwamba wa Sigiriya, wakapiga picha, wakarudi. Nawasihi msifanye hivyo. Katikati na kaskazini mwa kisiwa ni nchi kavu, mvua yake ni ya msimu mmoja, na ndiko ulikostawi ufalme kwa zaidi ya miaka 1,000. Uliwezaje? Kwa mabwawa. Wafalme walichimba, wakajenga kuta za udongo ndefu, wakakinga mvua ya kaskazi na kuigawa kwenye mashamba ya mpunga mwaka mzima. Mabwawa hayo wenyewe huyaita wewa, na mengi yanafanya kazi mpaka leo.

Niwasimulie kisa ambacho kumbukumbu za kale za kisiwa kile zimekihifadhi. Katika karne ya 5 alitawala mfalme Dhatusena, akajenga bwawa kubwa la Kalawewa. Mwanawe Kashyapa, ambaye mama yake hakuwa wa nasaba ya kifalme, alishirikiana na jemadari wa jeshi akampindua baba. Wakamfunga. Wakamwambia: onyesha ulikoficha hazina. Mzee akaomba apelekwe Kalawewa. Akapelekwa. Akashuka majini, akaoga, akateka maji kwa viganja vyake viwili, akawaambia kuwa utajiri wake wote ndio huu. Kashyapa aliona anadhihakiwa. Akaamuru baba yake ajengewe ukuta akiwa hai.

Ndugu zangu, nani alikuwa tajiri pale?

Kashyapa hakukaa tena kwa amani. Ndugu yake Moggallana, mrithi halali, alikimbilia India, na Kashyapa akawa anamwogopa usiku na mchana. Akauhama mji mkuu, akajenga ikulu juu ya mwamba wa Sigiriya, karibu mita 200 kutoka tambarare, na kuzungushia mahandaki ya maji na bustani. Mwaka 495 Moggallana alirudi na jeshi. Inasimuliwa kwamba vitani tembo wa Kashyapa aligeuka kukwepa tope, askari wake wakadhani mfalme anakimbia, wakatawanyika. Akabaki peke yake, akajiua kwa kisu chake mwenyewe.

Sasa mkisikia hayo, mtaipanda Sigiriya vile vile? Mtapita bustanini na kuona vifereji vya mawe vilivyorusha maji juu karne 15 zilizopita, na mvua ikijaa vya kutosha bado vinarusha. Mtaona michoro ya wanawake kwenye mwamba ambayo rangi yake haijafa. Mtapita ukuta uliosuguliwa hadi ukang'aa, ambapo wageni wa karne nyingi zilizopita waliandika mashairi ya kuwasifu wanawake hao. Mtapita katikati ya makucha mawili makubwa ya simba, mabaki ya sanamu iliyokuwa lango. Kisha ngazi za chuma, na kilele. Nendeni lango likifunguliwa tu asubuhi, kabla jua halijaupasha mwamba. Kiingilio cha mgeni si kidogo, na asiyetaka kukilipa anaweza kupanda Pidurangala, mwamba jirani, akaitazama Sigiriya kwa mbele. Mimi kwa maoni yangu anayeweza apande yote miwili.

Lakini anzeni Kalawewa. Hili ndilo ombi langu kubwa leo. Anzeni Kalawewa kwa baba, ndipo mwende Sigiriya kwa mwana. Hakuna foleni pale. Nilipokuwa huko jioni, wanawake walikuwa wanafua, watoto wanaogelea, ng'ombe wananyweshwa, na mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu alinionyesha kwa kidole upande unakoanzia mfereji wa kale, ule unaopeleka maji Anuradhapura, karibu kilomita 87. Mfereji huo uko hai. Jirani yake pana sanamu ya Budha ya Avukana, imesimama wima, zaidi ya mita 12, imechongwa kwenye mwamba.

Kutoka hapo fuateni maji. Anuradhapura, mji mkuu wa kale, una mti mtakatifu uliotoka kwenye chipukizi lililoletwa kutoka India katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na kati ya miti yote iliyopandwa kwa mkono wa binadamu duniani ambayo historia yake inajulikana, huu ndio unaotajwa kuwa mkongwe. Ibada haijakatika pale. Kwa hiyo vaeni nguo nyeupe au za rangi tulivu, funikeni mabega na magoti, vueni viatu na kofia, na msiigeuzie sanamu ya Budha mgongo ili kupiga picha. Huko hilo linahesabiwa ni utovu wa adabu mkubwa. Nanyi wenye mchoro wa Budha mwilini, ufunikeni tangu uwanja wa ndege. Wapo wageni waliorudishwa makwao kwa sababu hiyo.

Polonnaruwa ulikuwa mji mkuu uliofuata. Katika karne ya 12 mfalme Parakramabahu wa Kwanza aliweka msimamo kwamba hata tone moja la mvua lisifike baharini kabla ya kumfaa binadamu, na bwawa lake ni pana kiasi kwamba watu wameliita bahari. Kodini baiskeli, uwanja ni tambarare. Pale Gal Vihara kuna sanamu nne zilizochongwa kwenye mwamba mmoja; ile iliyolala ina mita 14 hivi, na jiwe limechongwa hata mto wa kichwani unaonekana umebonyea. Kaeni kwenye kivuli mwitazame polepole.

Na Minneriya! Hili ni bwawa la mfalme Mahasena, wa karne ya 3. Kila kiangazi, hasa Agosti na Septemba, maji yakipungua majani mabichi huota kwenye ukingo, na tembo wanatoka misituni kwa makundi mpaka unawaona mamia mahali pamoja. Fikirini: mfalme alichimba bwawa kwa ajili ya mpunga, na miaka 1,700 baadaye ndilo linalowaokoa tembo na kiu. Wakati mwingine wanahamia Kaudulla lililo jirani, kwa hiyo muulizeni dereva wa gari la kutazamia wanyama asubuhi hiyo wako wapi. Anajua. Kuhusu chui wa hifadhi ya Yala nitapita haraka: wapo, ila magari ya watalii ni mengi mno, yanamzingira mnyama mpaka huruma inakushika. Hifadhi ya Wilpattu ina utulivu zaidi.

Jambo la tatu: milima.

Kandy mnaijua, sitaieleza sana. Ni mji mkuu wa ufalme wa mwisho, uliowakatalia wageni hadi mwaka 1815, na hekalu lake linahifadhi jino linaloaminika ni la Budha. Mkipata nafasi ya Julai au Agosti, wakati wa maandamano ya Esala Perahera, tembo hupita usiku wamevishwa mavazi yenye taa. Wekeni vyumba mapema.

Kutoka Kandy pandeni treni kuelekea Ella. Safari ni kama saa saba hivi, reli inapanda hadi stesheni ya Pattipola yenye kimo cha mita 1,898, kisha inateremka hadi Ella, na mbele kidogo ya hapo liko lile daraja la matao tisa ambalo nina hakika mmeliona kwenye simu zenu. Tiketi za viti maalumu huisha upesi sana, basi jaribuni siku ile ile zinapofunguliwa. Behewa la kawaida lisilo na namba za viti nalo ni zuri, na ndimo utakamoongea na watu na kugawiwa karanga. Ila nawaomba vijana: msining'inie mlangoni kwa ajili ya picha. Watu wamekufa. Kuta na miti iko karibu mno na reli. Na msimu wa mvua ulizeni kwanza kama njia iko wazi, maana maporomoko hufunga reli.

Mashamba ya chai mtakayoyaona dirishani yana historia yake. Milima ile ilikuwa ya kahawa. Mwaka 1869 ukaonekana ugonjwa wa kutu ya majani, na kwa muda mfupi kahawa ya kisiwa kizima ikateketea. Miaka miwili tu kabla, mwaka 1867, Mskochi James Taylor alikuwa ameanza kupanda chai kwenye ekari 19 pale Loolecondera. Chai ikashika. Lakini nani alichuma? Watamil walioletwa kutoka India ya kusini, wakawekwa kwenye vyumba vya safu, familia nzima chumba kimoja. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1948, sheria ya uraia iliwaacha wengi wao bila nchi yoyote, na suala hilo halikumalizwa kisheria hadi mwaka 2003. Mama mtakayempiga picha na kapu lake mgongoni ni mjukuu wa watu hao. Muombe ruhusa kwanza. Msalimie. Nunua chai kiwandani, na uliza inachumwaje.

Hifadhi ya Horton Plains, huko huko milimani: fikeni ukingo wa World's End kabla ya saa tatu asubuhi. Pale ardhi inakatika zaidi ya mita 800 kwenda chini. Mkichelewa mtaona ukungu mtupu.

Na sasa mlima ambao kwangu unazidi yote, Sri Pada, mita 2,243. Kileleni kuna alama ya unyayo. Wabudha wanasema ni wa Budha, Wahindu wanasema ni wa Shiva, Waislamu wengi wameamini tangu kale kwamba ni wa Nabii Adam, na wapo Wakristo wanaoutaja kuwa wa Mtakatifu Tomaso. Mlima mmoja, dini nne, na wote wanapanda ngazi zile zile. Ibn Battuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika huku mwaka 1344, akashuka Puttalam, akaupanda mlima huu, akaeleza minyororo ya chuma waliyoishika wapandaji. Mtu aliyeuona mji wetu wa Kilwa aliona na kilele kile! Hilo halikusisimui?

Msimu wa hija ni kuanzia mwezi mpevu wa Desemba hadi ule wa Mei. Miezi mingine mvua na upepo ni vikali na taa za njiani hazipo. Shukeni stesheni ya Hatton, mpande basi hadi Nallathanniya, mlale mapema, muanze kupanda saa nane usiku. Usiku niliopanda, mbele yangu alikuwa bibi mmoja mwenye nguo nyeupe, wajukuu wawili wamemshika huku na huku. Anapanda ngazi tatu, anapumzika, anapanda tatu. Vijana wenye vifaa vya gharama walimpita. Alfajiri nilimkuta kileleni ameshapiga kengele. Desturi ni kuipiga mara moja kwa kila safari uliyowahi kupanda, naye aliipiga mpaka watu wakageuka kumtazama. Jua likichomoza, geukeni nyuma: kivuli cha mlima kinalala juu ya mawingu kama pembetatu iliyochorwa kwa rula.

La mwisho ni kaskazini, ambako mawakala wengi hawawapeleki.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilidumu kuanzia 1983 hadi 2009, na kaskazini ndiko kulikoumia zaidi. Maktaba ya Jaffna, mji mkubwa wa kaskazini, ilichomwa moto mwaka 1981, vitabu na miswada 97,000 hivi ikateketea. Imejengwa upya, nyeupe, unaingia unawakuta wanafunzi wanasoma. Kama mko huko Agosti, nendeni hekalu la Kihindu la Nallur, hapo hapo Jaffna, wakati wa sikukuu yake ya siku 25. Wanaume huvua mashati kabla ya kuingia, msishangae mkiambiwa.

Halafu nendeni Mannar. Mnajua kuna nini Mannar? Mibuyu! Mibuyu hii hii yetu, ambayo inaaminika ililetwa na wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wakipita pwani ya Afrika. Ule wa Pallimunai ni mnene mno, unazungukwa na kundi la watu walioshikana mikono. Na mkishuka kusini kidogo, karibu na Puttalam, kijiji cha Sirambiadiya, mtakutana na watu wenye asili ya Afrika, ambao mababu zao waliletwa na Wareno na wakoloni waliofuata, wengine kama watumwa, wengine kama askari. Wamekuwa Wasri Lanka kabisa, lakini wamehifadhi nyimbo zao za manja, wakipiga ngoma, vijiko na vifuu vya nazi. Hakuna safari ya Mwafrika kwenda Sri Lanka niionayo imekamilika kama hakupita kuwasalimu. Msiende kama watu wa kutazama maonyesho. Tafuteni mwenyeji, pigeni simu kabla, bebeni zawadi kama mnavyofanya mkienda kwa ndugu.

Treni ya Jaffna inaondoka stesheni ya Colombo Fort. Njia ilifunguliwa tena mwaka 2014 baada ya kukatwa na vita, na inapita Anuradhapura, kwa hiyo mnaweza kushuka pale mkaona mabwawa kisha mkaendelea. Ya Mannar ni tawi linalotokea Medawachchiya. Mwenye kalenda ya likizo mkononi anione pale meza ya mbele baada ya chai, aniambie mwezi anaotaka kusafiri, nami nitamwambia aanzie pwani gani. Ahsanteni sana.